Njala, insala, nzala: je, maneno yanayofanana ni ndugu?



Kwenye mkutano wa kugawa mbegu na nyavu, hapa Mwadingusha, kulitokea mabishano ambayo wengi wenu mliyasikia. Mzee mmoja alisimama akasema orodha ya wenye kupewa mashamba karibu na ziwa ianze na "batu ya luga ya hapa". Mama mmoja aliyerudi toka Zambia akamjibu: "Baba, sisi tunasema insala, ninyi munasema njala. Si ni neno moja? Kama neno ni moja, tuko batu bamoja, na udongo ni wetu sote." Upande mmoja wakapiga makofi, upande mwingine wakaguna. Kijana wa nyuma akaongeza kwamba hata Wazungu basi ni ndugu zetu, maana sisi tunasema sita na Mfaransa anasema six. Watu wakacheka, lakini orodha haikuendelea siku ile.

Komite ikatuomba, sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi ya chama, tuandike kitu juu ya jambo hili. Tumekubali kwa furaha, juu kuna wenzetu kati yetu waliosoma historia pale Lubumbashi, na jambo la maneno ni sehemu ya historia. Tena tunaona kwamba mzee na mama, ijapokuwa walipingana, walisimama juu ya mguu mmoja. Wote wawili waliamini kwamba sauti ya neno inaonyesha damu ya mtu, na damu inaonyesha shamba lake. Hebu tuangalie mguu ule unabeba uzito gani.

Tuanze na njala yenyewe. Watu wa pwani, Dar es Salaam na Mombasa, wanasema njaa. Sisi Likasi tunasema njala. Wabemba wanasema insala. Kwa Kiluba, kwa Chiluba cha Kasai na hata kwa Lingala ni nzala. Kufanana kupo, kila sikio linasikia. Lakini sikio peke yake linadanganya, kama tutakavyoona mbele. Mwenye kutafuta ukweli haulizi "yanafanana?" Anauliza "yanatofautiana kwa utaratibu gani?"

Njo hapa utamu unaanza. Chukua neno la pwani mvua. Kwetu ni mvula, kwa Kibemba imfula. Chukua makaa. Sisi tunachoma makala, na Waluba pia wanasema makala. Njaa na njala, mvua na mvula, makaa na makala: kila mara watu wa pwani wameangusha ile l ya katikati, na kila mara watu wa bara wameishika. Hii si bahati ya neno moja. Ni kama nyayo za mtu mmoja mwenye kuchechemea, unaziona kwenye njia yote. Na tuseme kidogo pembeni: mara ngapi mwalimu au mgeni wa Dodoma amecheka Kiswahili chetu akasema tumekiharibu kwa kusema njala? Ile l ni ya kale kuliko njaa yake. Lugha za jirani zetu ziliitunza, na Kiswahili cha Katanga kilipokuja kukaa kati yao kikaipata mezani.

Upande wa Waluba kuna utaratibu mwingine. Pale Mbemba anaposema li, Mluba wa Katanga anasema di. Kulima ni ukulima kwa Kibemba, kudima kwa Kiluba. Kulia kwa machozi ni ukulila kwa Kibemba, kudila kwa Kiluba. Kula ni ukulya na kudya. Jino ni ilino na dino. Jicho ni ilinso na diso. Sasa fanya jaribio nyumbani: mwambie mama aliyekaa miaka Kawambwa, ambaye hajafika Kamina hata siku moja, kwamba moto kwa Kibemba ni umulilo, kisha mwulize Mluba atasemaje. Kama ameelewa mchezo, atakisia mudilo, na atakuwa amepata. Neno hajalisikia bado, lakini analijua. Undugu wa maneno unathibitishwa hivyo: unaweza kutabiri. Kufanana tu hakukupi uwezo huo.

Na mfano tunaoupenda zaidi uko kwenye sahani. Pwani ugali, kwetu bukari, Kibemba ubwali. Mtu akisikia ugali na ubwali haoni haraka ni nini kimetokea. Kibemba kiliiangusha g ya kale. Tunajua kwa sababu ya neno jingine lisilohusu chakula hata kidogo: mguu. Kwa Kibemba mguu ni ukulu. Angalieni vizuri. Mtu wa pwani ameshika g akapoteza l, amebaki na guu. Mbemba ameshika l akapoteza g, amebaki na ulu. Kila mmoja ana nusu. Ukiziweka pamoja unapata gulu, umbo la zamani ambalo leo hakuna kati yao hao wawili anayelitamka kamili. Ni kama ndugu waliogawana noti iliyochanika: nusu haikununulii kitu, lakini nusu mbili zikikutana kingo zake zinaingiana, na unajua noti ilikuwa moja.

Kazi hii ya kuunganisha nusu ilianza zamani, na si kwetu tu. Mwaka 1786 William Jones, jaji Mwingereza kule Kolkata, alisema mbele ya watu kwamba Kisanskriti cha India, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kwenye mizizi ya vitendo na kwenye sarufi, hata haiwezekani iwe ajali. Kwa upande wetu, Mjerumani Wilhelm Bleek alikuwa Afrika Kusini akilinganisha lugha, na kitabu chake cha 1862 ndicho kilichotangaza neno Bantu kuwa jina la jamii nzima ya lugha hizi, kwa sababu mtu, umuntu, muntu, watu, abantu na bantu zinarudi mahali pamoja. Mwaka 1899 Carl Meinhof akaandika taratibu za sauti, ipi inageuka ipi na wapi. Baadaye Malcolm Guthrie wa London akatoa mabuku manne makubwa kati ya 1967 na 1971, na wataalamu wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameendelea mpaka leo, wengi kwa maneno yaliyokusanywa hapa Kongo.

Kuhusu Guthrie tunataka kuondoa jambo moja, maana tumelisikia Likasi kwa watu waliosoma. Yeye alizipa lugha herufi na namba: Kiluba cha Kasai ni L31, Kiluba cha Katanga L33, Kisanga L35, lakini Kibemba ni M42 na Kilamba M54. Mtu akiona L na M anasema: "Munaona? Hata msomi amewatenganisha." Hapana. Herufi zile ziligawa ramani kwanza, kama kartye za mji zinavyogawanywa ili barua ifike. Wewe ukiwa parsele ya mwisho ya kartye hii na jirani yako parsele ya kwanza ya kartye inayofuata, ukuta wenu ni mmoja.

Basi mama wa mkutano alikuwa na haki juu ya njala na insala. Ni neno moja kweli, limerithiwa. Shida ni kwamba urithi huo ni mpana kuliko anavyofikiri. Maneno ya namna hii yanatoka Kameruni mpaka Afrika Kusini. Kama njala inatoa shamba kando ya Ziwa Tshangalele, basi Wazulu nao waje na majembe yao.

Tena kuna maneno yanayofanana sana, kuliko hata njala na insala, na hayana urithi wowote wa mababu zetu. Mwanachama aliyetoka Zambia anavaa insapato. Mwanachama aliyezaliwa Mbuji-Mayi anavaa bisabata. Tumesikia watu wakishangilia kwamba hapo Bemba na Luba wameonyesha umoja. Viatu hivyo vyote viwili vimetoka dukani kwa Mreno, anayeviita sapato. Kitu kilisafiri na jina lake, kwa njia za biashara za mashariki na za magharibi, kikaingia kila lugha kwa mlango wake. Vilevile kapita, yule msimamizi wa kazi ambaye babu zetu wote walimwogopa kwenye mashamba na migodini. Kibemba kina kapitao, na chanzo chake ni capitão wa Mreno. Motoka nayo ni motor-car ya Mwingereza, ikasambaa huku na kule mpaka watoto wanadhani ni neno la kijiji.

Neno moja la aina hii linatugusa sisi wa Mwadingusha zaidi kuliko wengine, kwa sababu tunaishi chini ya nguzo za umeme. Mnajua kwamba maporomoko ya Lufira hapa Wabelgiji waliyaita Cornet, kwa jina la mtaalamu wa mawe Jules Cornet, na kituo kilichoanza mwaka 1930 waliita Francqui. Hao wawili, Cornet na Émile Francqui, walikuwa katika msafara mmoja uliopita Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Umeme ule ulipelekwa kwenye viwanda vya Union Minière, na bwawa lake ndilo lililotupa ziwa tunalovua. Sisi umeme tunauita kuran, kutoka courant ya Kifaransa. Mtanzania anasema umeme. Lakini Mkenya akizimikiwa taa anasema stima imepotea. Vuka sasa uende Ndola: ishitima ni treni. Shuka mpaka kwa Wazulu: isitimela, treni pia. Na kwenye Kiswahili cha zamani cha pwani stima ilikuwa meli ya moshi. Zote ni mtoto wa neno moja la Kiingereza, steamer, chombo cha mvuke. Kila bandari na kila mji ulilishika neno pale mashine ilipotokea kwanza: wengine majini, wengine kwenye reli, wengine kwenye waya. Stima ya Nairobi na isitimela ya Durban ni ndugu kabisa, lakini baba yao ni boila ya Mwingereza. Haikuwahi kumpa mtu yeyote haki ya kuoa wala kurithi kwa mwenziwe.

Serikali nazo zinanaswa na mtego huu. Mwaka 1971, wakati wa siasa ya uhalisi, Mobutu aliondoa jina Katanga akaweka Shaba, na jimbo likaitwa hivyo mpaka 1997. Kusudi lilikuwa kuacha mambo ya mkoloni na kurudia ya mababu. Shaba lakini imeingia Kiswahili toka Kiarabu, shabah, na huko ni shaba nyeupe-njano ya kuchanganya. Mababu waliokuwa wakiyeyusha madini katika vilima vya Likasi na Kambove, wakafanya misalaba ya kuuza mbali, walikuwa na neno lao: mukuba. Wabemba wanalo, umukuba, na mpaka leo Zambia wanaliweka kwenye majina ya hoteli na chuo. Neno la wenyeji lilikuwa limekaa hapo mlangoni, wakaliruka wakachukua la msafara. Hatusemi Shaba lilikuwa jina baya. Tunasema tu kwamba sauti iliyozoeleka ilidhaniwa kuwa ya kale.

Sisi wavuvi tunafanya vilevile kila siku. Mtu anasema samaki, mwingine anasema isabi, na wote wanaona sa mwanzoni wanaridhika: ndugu! Samaki ni Kiarabu, samak. Isabi ya Wabemba haina habari naye. Kiswahili kilikuwa na neno lake la kibantu, nswi, ambalo bado linasikika katika lahaja za pwani ya kaskazini, na ndugu yake halisi ni inswi ya Watonga wa kusini mwa Zambia. Kwa hiyo Mtonga aliye mbali na bahari yuko karibu na mvuvi wa Lamu kwa neno hili, kuliko Mlikasi anavyokuwa karibu na Mbemba anayeuza samaki meza moja naye. Na wale wa bia: Tembo ya kwetu ina jina la mnyama, sawa. Lakini mwambie mzee wa Pemba unakunywa tembo, ataelewa mara moja bila kuwaza mnyama, maana kwao tembo ni ulevi wa mnazi.

Tumjibu na kijana wa six na sita. Sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu. Kwa Mwarabu mwenyewe sita ni sitta, lakini sehemu moja ya sita ni sudus, na Kiswahili cha vitabu kimeichukua: sudusi. Ndani ya sitta kuna d iliyomezwa. Ukitafuta zaidi, neno la Mwarabu linakwenda mbali na la Mfaransa badala ya kumkaribia, na Kiarabu na Kifaransa ni za jamii mbili ambazo hakuna aliyefaulu kuziunganisha kwa utaratibu kama ule wa li na di. Namba mbili tatu zenye kulandana hazitoshi.

Ajali nayo ipo, na inashangaza. Kaskazini mwa Queensland, Australia, kulikuwa na lugha iliyoitwa Mbabaram. Mtaalamu R. M. W. Dixon alipomwuliza mzee mmoja wa mwisho kuijua neno la mbwa, akajibu: dog. Sawasawa na Kiingereza, sauti na maana. Mtu angesema wamekopa kwa Waingereza. Dixon akafuata utaratibu wa lugha za jirani, akaona kwamba dog ya Mbabaram imetoka kwa neno la zamani la huko lililoanza na gu na kuisha na a, na kwamba lugha ile huangusha silabi za mwanzo kila mara. Haikukopwa wala haikurithiwa pamoja na Kiingereza. Ziligongana tu njiani.

Mama na tata ni hadithi nyingine tena. Watu husema: dunia nzima inasema mama, basi Babeli ilikuwa kweli. Roman Jakobson alieleza zamani kwamba mtoto mchanga hutoa kwanza sauti rahisi, ma, ba, pa, ta, na wazazi kila mahali wanajichukulia wenyewe sauti hizo. Huko Georgia, karibu na Urusi, mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Mtoto wa kule analia sawa na wa kwetu. Wazazi ndio waliogawana tofauti.

Wakati mwingine kufanana kunaleta hatari ya papo hapo. Kwa Kibemba kufa ni ukufwa, karibu kabisa na kufwa yetu ya Katanga. Lakini kusaidia ni ukwafwa. Mtoto aliyekulia kambini akianguka kwenye mtumbwi akaita njafweniko, anaomba msaada. Masikio ya ufukweni yanasikia fwa, na tumeona watu wakisimama kuuliza nani amekufa badala ya kuvuta kamba. Ukimfundisha jirani yako neno moja la Kibemba, basi mfundishe hilo.

Kwenye majina ya watu na mahali, mtego ni mkubwa zaidi. Katika makambi ya Kala na Mwange, yaliyofungwa mwaka 2010 baada ya watu kurudishwa tangu 2007, Wabembe wa Fizi walikuwa wakiandikwa kama Wabemba, eti ni makosa ya e na a. Wabembe ni watu wa Kivu ya Kusini, wenye lugha yao ya mbali na Kibemba. Na Sanga je? Kuna Basanga wa hapa Likasi. Kuna Sanga kando ya Ziwa Kisale, mahali pa makaburi ya kale yenye vyungu na misalaba ya shaba, yaliyochimbuliwa na Jacques Nenquin na wenzake mwaka 1957 na 1958. Kuna mto Sangha unaotoka Afrika ya Kati kuingia mto Kongo. Tumesikia hotuba nzima zikijengwa juu ya hayo matatu, ukoo mmoja toka kaskazini mpaka hapa. Jina fupi la silabi mbili linatokea mara nyingi kuliko ukoo.

Hata Mwadingusha haikusalimika. Kuna anayelikata mwadi na ngusha, akakumbuka kwamba kwa Waluba mwadi ni mwanamke aliyebeba roho ya mfalme aliyekufa, akamaliza: basi hapa palikuwa pa wafalme wa Luba! Pengine sikio la mwingine litakata mahali pengine. Vilevile kwa Msiri, mfalme wa Bayeke aliyetoka Unyamwezi akajenga Bunkeya, akauawa Desemba 1891 na Omer Bodson wa msafara wa Stairs. Mswahili anasikia siri, mtu wa siri. Mbemba anasikia umushili, udongo. Wenyeji wakamwita pia Mushidi. Kila mmoja anamvisha nguo ya kabati lake. Kukata jina vipande si ushahidi, mpaka uonyeshe vipande hivyo vikifanya kazi ileile katika majina mengine.

Juu ya nini tunasisitiza hivi, kwa gazeti dogo la chama? Kwa sababu Katanga imelipa kwa jambo hili. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliojaa kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni walikuwa na majirani waliozaliwa nao mtaa mmoja, na waliitwa bilulu, wadudu. Baadhi ya wanachama wetu ni watoto wa stesheni ile. Wanakumbuka kwamba namna ya kutamka ilitosha kukuonyesha kidole. Wanaosoma Biblia wanajua Waamuzi 12: kwenye vivuko vya Yordani mtu aliambiwa aseme Shibolethi, na aliyesema Sibolethi akachinjwa. Angalieni ilikuwa tofauti gani. Sh upande mmoja, s upande mwingine, neno ni lilelile. Ni kama li na di ya Wabemba na Waluba. Tofauti ambayo kwa msomi ni ushahidi wa undugu, kwa mlinzi wa kivuko ilikuwa ushahidi wa uadui.

Kwa mzee wa mkutano tunasema kwa heshima: baba, ile luga ya hapa ni ipi? Kama ni Kiswahili, nacho ni mgeni. Kilifika na misafara na Bayeke, kikakomazwa katika makambi ya wafanyakazi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906 ikakusanya watu toka Rhodesia, Kasai na Ruanda-Urundi. Mwaka 1965 kikundi cha wafanyakazi wa nyumbani wa zamani kiliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili hichi chetu, wakiandika vile walivyosema, na Johannes Fabian akaitoa kitabuni 1990. Ukisoma unasikia kila kabila la Katanga mle ndani. Kama ni Kisanga, sawa, lakini nusu ya waliokuwa wakiguna upande wako hawakijui.

Na kwa mama tunasema: dada yetu, neno lako ni ndugu wa neno letu, hilo hatulibishi. Ila udongo una njia zake. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya dola, na huku kijijini chifu ndiye anayejua nani alilima wapi. Pale neno linaweza kukusaidia kwa namna nyingine kabisa. Aliyerudi akitaja kijito, kichuguu na mti wa mpaka kwa majina ambayo wazee wa hapa wanayatambua, anaonyesha kwamba aliishi hapa, na tumeshuhudia machifu wakikubali hivyo. Hilo ni kumbukumbu, na kumbukumbu inaweza kuulizwa maswali. Chanzo cha neno hakiulizwi kitu.

Komite imekwisha kukataa pendekezo la kuweka nafasi ya lugha kwenye fomu. Orodha ya mashamba itafuata idadi ya watu nyumbani, wajane kwanza, na wale wasio na nyavu. Mbegu za mahindi ziko kwenye depo na zitagawanywa kabla ya mvua, au mvula, au imfula kuanza. Kwa toleo lijalo tunakusanya majina ya samaki wa Tshangalele kwa Kisanga, Kilamba, Kiluba, Chiluba na Kibemba. Leteni majina mnayoyajua ofisini, pamoja na jina la kijiji mlikoyasikia, na kama inawezekana leteni na samaki mwenyewe, tusije tukaandika jina moja kwa samaki wawili.